Mbwa Aliyenaswa na Gundi

"Mwanangu hajui Kiingereza hata neno moja. Huyo mbwa wa kwenye katuni naye hasemi. Sasa wanaelewana vipi?"

Wazazi huuliza swali hili kila mahali penye televisheni au simu yenye kioo kikubwa, na Mahoko nako halikosi. Mahoko ni senta ya biashara katika sekta ya Kanama, wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, kando ya barabara ya lami inayotoka Musanze kwenda Gisenyi. Ni mahali pa viazi, karoti na vitunguu, pa madereva wa malori na wachukuzi, na si mbali na mashamba ya chai ya Pfunda. Nyumbani watu huzungumza Kinyarwanda, wanaokwenda kuuza Goma, upande wa Kongo, huhitaji Kiswahili, na Kiingereza na Kifaransa ni vya shule. Mtoto wa miaka minne wa hapo bado hajaingia darasani. Lakini mama yake akimwekea katuni ya mbwa ili apate nafasi ya kumenya viazi, mtoto anacheka pale pale anapocheka mtoto wa Marekani. Kesho yake anaomba katuni ile ile, na anacheka upya.

Wengine huuliza kwa kukereka kidogo: kuna nini cha kuchekesha katika mbwa anayeanguka? Nami hujibu kwamba mtoto hacheki kuanguka. Anacheka kile mbwa alichokuwa anawaza kabla hajaanguka. Mchoro usio na damu wala ubongo unawezaje kuonekana unawaza? Jibu limo katika filamu fupi iliyotengenezwa zaidi ya miaka 90 iliyopita, na sura hii itakaa nayo kwa muda.

Karatasi ya nzi

Mwezi Machi 1934, studio ya Walt Disney ilitoa filamu fupi iitwayo "Playful Pluto", iliyoongozwa na Burt Gillett. Haina rangi, na haifiki dakika kumi. Kisa chake ni cha kila nyumba: Mickey, yule panya maarufu, ana kazi za kufanya uani, na mbwa wake Pluto anataka kucheza. Majani yanayokusanywa yanatawanywa. Kinachonyooshwa kinapindwa. Mpaka hapo ni vurugu ambazo studio yoyote ya wakati ule ingeweza kuchora.

Kisha Pluto anakutana na karatasi ya kunasia nzi. Zamani karatasi hizo zilipakwa gundi na kuwekwa dirishani au mezani. Nzi akitua, hatoki. Msomaji wa kwetu huenda anaujua zaidi ule ubao wa gundi ya panya unaouzwa sokoni, na kama amewahi kuukanyaga usiku akiwa pekupeku, hahitaji maelezo zaidi.

Pluto ananusa na karatasi inamnasa. Anaivuta, inahama. Anaibana kwa mguu ili ajinasue, na sasa mguu ndio ulionaswa. Analeta mguu mwingine usaidie, nao unanaswa. Anajipinda, anajinyoosha, anakaa kitako ili apumzike na kutafakari, na pale alipokaa ndipo gundi ilipo. Kila anachofanya ni cha busara. Ukiwa wewe ndiye mbwa, ungefanya hivyo hivyo. Na kila cha busara kinamzidishia taabu.

Katikati ya kila jaribio Pluto anatulia. Hapa ndipo penye siri yote. Mwili unasimama, macho yanaishukia karatasi, unyusi mmoja unapanda na mwingine unashuka, halafu, polepole, uso wote unafunguka: amepata wazo! Tunaliona wazo likiingia kichwani mwake kabla mguu haujainuka. Anaanza kulitekeleza, na sisi tunaotazama tumeshajua litakavyoishia.

Kisa cha karatasi kilibuniwa na Webb Smith, mtunzi wa vichekesho wa studio ile. Aliyekitia uhai ni mchoraji Norm Ferguson. Ferguson hakuwa amesomea uchoraji, na michoro yake ilikuwa ya kuparaza, mistari juu ya mistari. Wenzake wengi walimshinda kwa mkono mzuri. Lakini alijua kwamba mtazamaji hamfuati mbwa aliyechorwa vizuri. Anamfuata mbwa mwenye nia. Wanaoandika historia ya katuni hulitaja tukio hili kama mojawapo ya mara za kwanza ambapo mhusika wa kuchorwa alionekana anafikiri kweli.

Raha ya kujua kabla ya mbwa

Sasa turudi kwa mtoto anayetazama mara ya kumi. Mtoto mdogo anaishi kati ya watu wanaojua zaidi yake. Mama anajua jiko lina moto, kaka anajua njia ya mtoni, bibi anajua mvua itanyesha. Yeye kila siku ndiye anayeambiwa. Mbele ya mbwa wa katuni mambo yamegeuka. Mtoto anaiona gundi, mbwa haioni. Mtoto anajua mguu utanaswa, mbwa bado anatumaini. Kwa nusu sekunde mtoto huyu wa miaka minne ndiye mjuzi pekee chumbani.

Kwa hiyo kurudia hakumchoshi. Kila anaporudia, anajua mapema zaidi na kwa uhakika zaidi. Ukimsikiliza vizuri utagundua kwamba mara ya kwanza anacheka gundi inaponata, na mara ya tano anaanza kucheka mbwa anapotulia, kabla chochote hakijatokea.

Kwa nini mbwa, na si kuku au mbuzi? Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka na amejifunza kuusoma uso wetu, nasi wake. Mwaka 2019 watafiti waliolinganisha vichwa vya mbwa wa nyumbani na vya mbwa mwitu wa nchi za baridi waliona kwamba mbwa wa nyumbani ana msuli mdogo unaoinua nyusi upande wa ndani, ambao kwa mbwa mwitu ni hafifu sana au haupo. Ni ile sura ya kuomba msamaha ambayo kila mwenye mbwa anaijua. Wachoraji wa 1934 hawakuwa na habari ya msuli huo, lakini walikuwa wameutazama ukifanya kazi, wakauchora.

*Kwa ufupi mpaka hapa:* kichekesho cha mbwa wa katuni kina hatua tatu. Anapata tatizo, anatulia na kupata wazo, wazo linazaa tatizo kubwa zaidi. Ukiiondoa hatua ya katikati, kinachobaki ni mbwa anayeteseka, na hakuna anayecheka.

Michoro elfu tano

Kufanya mchoro uonekane unatembea kunaitwa uhuishaji, yaani kuutia uhai. Hakuna mchoro unaotembea. Kuna michoro mingi iliyosimama, kila mmoja ukitofautiana kidogo na uliotangulia, inayopitishwa mbele ya macho kwa kasi kubwa kiasi kwamba ubongo unaiunganisha na kuona mwendo mmoja. Picha moja kati ya hizo huitwa fremu.

Filamu ya sinema hupita kwa fremu 24 kila sekunde. Filamu ya dakika saba ina sekunde 420, kwa hiyo ina fremu 10,080. Ili kupunguza kazi, wachoraji mara nyingi hupiga kila mchoro picha mbili, ukabaki na michoro 12 kwa sekunde. Hata hivyo dakika saba zinadai michoro zaidi ya elfu tano ya mhusika mmoja. Ukiwa na mbwa wawili, zidisha.

Hapo ndipo iliposaidia seli, karatasi angavu ya plastiki ambayo Mmarekani Earl Hurd aliisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1914. Nyumba, ua na mti vinachorwa mara moja tu kwenye karatasi ya chini. Mbwa anachorwa kwenye seli na kuwekwa juu yake. Mbwa akisogea, unabadilisha seli na mti unabaki pale pale. Katika sehemu ambazo Pluto ametulia, unaweza hata kuacha mwili wote kwenye seli moja na kubadilisha kichwa au macho peke yake. Kwa hiyo ule utulivu tunaousifu ungeweza kuwa pia nafuu kwa mchoraji aliyechoka. Napenda jambo hili, kwamba sehemu yenye akili zaidi katika filamu inaweza kuwa pia sehemu yenye michoro michache zaidi.

Mbwa wengi mno waliwahi kuisumbua studio ya Disney. Filamu ndefu ya 1961 kuhusu mbwa 101 wenye madoa isingewezekana kwa mkono mtupu. Ilibidi michoro ya penseli ihamishiwe kwenye seli kwa mashine ya fotokopi. Kampuni yenyewe ilitangaza kwamba madoa yote yaliyomo yanafika 6,469,952. Lakini ukitazama mbwa hao mia na mmoja, utakaowakumbuka ni wachache, wale waliopewa nafasi ya kusimama na kuwaza.

Mbwa wawili katika nyumba ya kesho

Miaka mitano baada ya karatasi ya gundi, katika studio pinzani iliyotengeneza katuni za Warner Bros., kijana aitwaye Chuck Jones alijaribu mbwa wawili. Mmoja mkubwa, wa aina ya boksa, mwenye uso mzito. Mwingine mdogo, mwepesi, wa kuruka ruka. Hawasemi. Walionekana katika filamu fupi tano: "Dog Gone Modern", "Prest-O Change-O" na "The Curious Puppy" za 1939, "Stage Fright" ya 1940, na "Snowtime for Comedy" ya 1941.

Katika ya kwanza, iliyotoka Januari 1939, mbwa hao wanaingia nyumba ya maonyesho inayoendeshwa kwa umeme, nyumba ya kesho kama watu wa wakati ule walivyoiota. Kuna mashine ya kuosha vyombo inayomshika mbwa na kumtendea kama sahani. Kuna mashine ya kufagia ambayo, kitu chochote kikidondoka sakafuni, inatoka na kukizoa. Mbwa mdogo hawezi kuamini. Anajaribu tena. Inatoka tena. Kuanzia hapo mbwa na fagio wanaanza kuviziana.

Kusema kweli, filamu hizi zinakawia. Jones alikuwa bado anajifunza, na mara nyingine anashikilia kutulia kwa mbwa mpaka kichekesho kinapoa. Miaka ya baadaye aligeuka kuwa bingwa wa kupima muda, na ukizitazama hizi za mwanzo unamwona akiutafuta ule urefu unaofaa: sekunde ngapi za kuwaza, sekunde ngapi za kutenda. Nazipenda kwa sababu hiyo.

Zinatufundisha pia utundu ni nini. Mbwa hawa hawana ubaya na mtu. Hawaibi, hawalipizi kisasi. Wameuona mlango uko wazi na wanataka kujua ndani mna nini. Mtoto wa Mahoko aliyekatazwa kugusa redio, kufungua kabati la vikombe na kusogelea mto Sebeya anawatambua mara moja. Ni wenzake.

Nani alisema hawataelewa?

Swali la mzazi tuliloanza nalo, kwamba mtoto asiyejua lugha anaelewaje, liliwahi kuulizwa na serikali za kikoloni, na zikajibu vibaya. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu zipatazo 35 za kuelimisha na kuzionyesha Afrika Mashariki na ya Kati. Maofisa wa kikoloni wa Uingereza wa miaka ile waliamini kwamba Mwafrika anahitaji filamu za pole pole, zisizo na mikato ya haraka wala hila za kamera, kwa kuwa eti zingemchanganya. Kitengo cha filamu cha kikoloni kilichoanzishwa mwaka 1939 kiliendelea na imani hiyo. Wakati huo huo, katika kumbi za miji ya Afrika, watu walikuwa wanajaa kumtazama Charlie Chaplin, aliyekuwa anakimbia, anaanguka na kuwaza bila kusema neno, nao walimwelewa bila kufafanuliwa na ofisa yeyote.

Hollywood yenyewe ilitoa jibu mwaka 1941. Katika filamu "Sullivan's Travels" ya Preston Sturges, mwongozaji tajiri wa vichekesho anayetaka kutengeneza filamu nzito kuhusu maskini anajikuta amefungwa jela na kazi ngumu. Jioni moja wafungwa wanapelekwa na minyororo yao katika kanisa la Wamarekani weusi kutazama filamu. Inayoonyeshwa ni "Playful Pluto", sehemu ile ile ya gundi. Wafungwa wanacheka, waumini wanacheka, na mwongozaji anashangaa kujisikia naye anacheka.  Kilichowachekesha wote ni mbwa asiyesema.

Sisi tuna desturi yetu ya kuifungua filamu kwa wasiojua lugha yake. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, Uganda ina wasimulizi wake wengi. Rwanda filamu zilizosimuliwa huitwa agasobanuye, na jina lililong'aa kuliko mengi lilikuwa la Nkusi Thomas, aliyejulikana kama Yanga, aliyefariki mwaka 2022. Msimulizi hupunguza sauti ya filamu, akaweka yake: anatafsiri, anatania, anawapa wahusika tabia za mtaani. Ni ufundi mkubwa, na umewapa watu wa vijiji sinema ambayo ilikuwa imefungiwa ndani ya Kiingereza, Kichina na Kihindi.

Ila katuni ya mbwa inampa msimulizi mtihani wa kipekee. Mle Mahoko, kwenye kioski ambapo kijana anawajazia watu filamu kwenye flashi na memori kadi, nilimwona msichana wa kama miaka tisa akimsimulia mdogo wake katuni iliyokuwa inachezwa kwenye kompyuta ya kaunta. Mbwa alikuwa amepewa jina la Simba. "Simba anakwenda jikoni. Simba, mama yako atakuchapa! Ameona nyama." Maneno yalimtoka mfululizo. Kisha mbwa akasimama, masikio juu, anaangalia kamba iliyofungwa kwenye nyama. Msichana akanyamaza. Mdogo wake akataka kuuliza kitu, naye akamziba mdomo kwa kiganja. Mbwa alipovuta kamba na rafu nzima kumwangukia, wote wawili walikuwa wamekwisha kuanza kucheka. Kijana wa kaunta pia, na mteja aliyekuja kununua vocha.

Hakuna aliyemfundisha msichana yule mahali pa kunyamaza. Mchoro wenyewe ulimwambia.

Mbwa wa kweli ana meno

Hapa lazima tukubali jambo moja zito. Mbwa anayechekesha kwenye kioo na mbwa anayelala nje ya geti si mmoja, na Rwanda tofauti hiyo ina historia yake.

Zamani katika eneo la Maziwa Makuu mbwa alikuwa mwenzake mwindaji. Wale mbwa wa misitu ya Kongo wasiobweka, wanaoitwa basenji, walifungwa njuga shingoni ili mwindaji ajue walipo. Kisha ukaja mwaka 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maiti zilibaki barabarani na mashambani, na mbwa wakazila. Waliokomesha mauaji, na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa pia, waliwapiga mbwa risasi. Wageni waliofika miezi iliyofuata walishangazwa na ukimya: nchi nzima usiku, hakuna kinachobweka. Wazee waliookoka siku zile hawamtazami mbwa kama anavyotazamwa na mjukuu aliyezaliwa 2018. Bibi akigeuza uso mbwa anapoonekana kwenye televisheni, asichekwe wala asilazimishwe kueleza.

Mjukuu naye hajui. Amemjua mbwa kupitia katuni kabla ya kumgusa wa kweli, na mbwa wa katuni hana harufu, hana njaa, hang'ati mpaka mfupani. Anabamizwa na ukuta na kuinuka mzima. Wazazi wanaoogopa kwamba mtoto atajifunza kupiga wanyama wana haki ya kuuliza, lakini hatari iliyo karibu zaidi ni nyingine: mtoto atamkimbilia mbwa asiyemjua kwa mikono miwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya kila kumi wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa.

Kwa hiyo, katuni ikiisha, mwambie mtoto haya:

- Mbwa anayekula, anayelala au mwenye watoto haguswi, hata kama ni wa jirani.
- Mbwa akikujia kwa ukali, simama wima, mikono ubavuni, usimkazie macho, usikimbie.
- Akikung'ata au hata kukukwaruza, niambie papo hapo. Hutapigwa.

Na kwako mzazi: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo. Usingoje dalili. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Katuni zetu

Je, wa kwetu wamechora? Wamechora, na kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1950, kwenye Kongo ya Wabelgiji, mmisionari Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni fupi za Mboloko, swala mdogo mjanja wa hadithi za Kongo, ndugu wa Sungura wa pwani na wa Bakame wa Rwanda. Mboloko anawashinda wakubwa kwa akili. Mwaka 1991 Mkongo Jean-Michel Kibushi, mwanzilishi wa studio iitwayo Malembe Maa, alitoa filamu fupi kuhusu chura anayekwenda kuwatembelea wakwe zake, kutoka katika masimulizi ya Watetela. Nairobi ilitengenezwa "Tinga Tinga Tales", vipindi 52 vya wanyama vilivyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, kwa mtindo wa picha ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga. Dar es Salaam hiyo hiyo ikatoa "Akili and Me" ya shirika la Ubongo, kuhusu msichana anayeishi chini ya Kilimanjaro, na watoto wa Rwanda wanaipata kwa Kinyarwanda.

Katuni za Ubongo nazithamini; zimefundisha watoto kuhesabu na kunawa mikono. Lakini natamani tupate pia zile zisizofundisha kitu, za mbwa mtundu na gundi, ambapo mtoto hahitaji kujibu swali mwishoni. Mtoto anayecheka kwa sababu ameelewa wazo la mwingine naye anajifunza, tena jambo ambalo ubao wa darasani hauna namna ya kulionyesha.

Mikono ipo. Kilomita chache kutoka Mahoko kuna Nyundo, na hapo ndipo ilipo shule ya sanaa ambayo kwa miongo mingi imewafundisha vijana wa Rwanda kuchora na kuchonga. Na kwa jaribio la kwanza huhitaji hata shule. Unahitaji daftari nene la kona safi, kalamu ya risasi na jioni moja.

1. Kwenye kona ya ukurasa wa mwisho chora mbwa na, mbele yake, mstari mmoja: hiyo ndiyo gundi. Usihangaikie uzuri. Duara la kichwa, duara la tumbo, masikio mawili na nyusi.
2. Ukurasa unaotangulia, fuatisha mchoro ule ule, sogeza kichwa kidogo. Endelea hivyo kurasa sita, mpaka pua iguse mstari.
3. Kurasa kumi zinazofuata usisogeze mwili. Badilisha macho na nyusi tu: kwanza yashuke kwenye gundi, kisha yatazame pembeni, kisha nyusi zipande pamoja.
4. Kurasa nane za kumalizia, inua mguu polepole kuelekea kwenye gundi.

Shika daftari kwa mkono mmoja, achia kurasa kwa kidole gumba kuanzia mwisho kwenda mwanzo, umwonyeshe mtu ambaye hujamweleza chochote. Tazama uso wake, usitazame daftari. Kama anacheka mguu unapogusa gundi, ongeza kurasa mbili au tatu kwenye hatua ya tatu, ujaribu na mtu mwingine. Kama anaanza kucheka nyusi zinapopanda, acha kama ilivyo, na uanze kumchorea mbwa wa pili.